Mbweha Aliyeulizwa Jina

Kaka yangu Shugo alirudi kutoka Uingereza mwaka wa thelathini na sita wa utawala wa Meiji, mfalme wetu wa Japani, wakati tunaning'iniza matunda ya kaki barazani yakauke. Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo alifikia kwangu kijijini Nishidani, ambako mume wangu Heiji hutengeneza karatasi. Alikuja na masanduku manne mazito. Majirani wakaja kusaidia kuyafungua, kila mmoja akiwa na hamu ya kuona vitambaa vya Ulaya. Tukakuta vitabu tu. Heiji alinyanyua kimoja, akakipima mkononi kama anayenunua samaki.

"Karatasi yenyewe mbovu," akasema. "Vinasema nini?"

"Habari za watu waliotokewa na wafu," kaka akajibu.

Tukacheka sote, kwa kuwa tulidhani ni mzaha. Hakuna aliyejulikana mkoa mzima wa Izumo kwa kupinga mizimu kama Shugo. Kabla ya kuondoka alikuwa mwalimu mjini Matsue, na kila likizo alizunguka vijijini akihutubia kwamba hakuna mizimu, hakuna mashetani, na hakuna mbweha anayeweza kumwingia mtu. Alijua kuchekesha, na watu walimpenda. Huku kwetu jambo la mbweha si la utani. Nyumba ikishasemwa kwamba inafuga mbweha, haitoi mchumba wala haipati, na doa hilo hurithiwa na wajukuu. Shugo alichukia uonevu huo, nami nilimuunga mkono. Basi kumsikia akitaja wafu bila kucheka kulinishangaza.

Tulipokuwa tunakula akatueleza.

"London nilipanga kwa mama mmoja ambaye shemeji yake alikuwa katika chama cha wasomi wanaochunguza mambo hayo. Wakanialika, nikaenda niwacheke. Mjane wa baharia akasimama, akasema alimwona mumewe jikoni siku ile ile meli ilipozama. Kicheko kilikuwa tayari kooni. Mzee mmoja, bingwa wa elimu ya umeme, akaanza kumuuliza. Ilikuwa siku gani? Saa ngapi? Ulikuwa na homa? Ulikuwa umemfikiria siku hiyo? Ulimwambia nani kabla habari haijafika, na mtu huyo yuko wapi tumwandikie? Akauliza maswali ishirini na zaidi. Mwishoni nikangoja aseme ni kweli au ni uongo. Alisema, 'Bado hatujui. Tunakushukuru kwa kutuambia.' Yule mama akaketi, uso umemlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni."

Akaweka bakuli lake chini.

"Ine, nimehutubia vijiji sitini. Unajua humo niliuliza watu maswali mangapi?"

"Mangapi?"

"Hata moja."

Akatuambia pia kwamba wasomi wale wanaiona akili ya mtu kama nyumba. Sisi tunaishi chumba cha mbele, tunapokea wageni humo, tunadhani ndiyo nyumba nzima. Kumbe chini ya kizingiti mna vyumba vingine, na mara mojamoja mwenye kukaa huko hupanda juu akasema yake.

"Kwangu huko chini mna panya tu," Heiji akasema, akajimiminia sake, pombe yetu ya mchele.

Kaka akacheka, kisha akanigeukia. "Na yule mke wa Ryohei, pale kwa Fukuma, siku hizi hajambo?"

Swali hilo nilikuwa nikiliogopa tangu nilipoona masanduku yake yakishushwa.

Nui alikuwa mke wa Ryohei, mtoto wa pekee wa mzee Fukuma Genpachi. Ryohei alifia vitani, vita vile na dola ya Qing ya Uchina. Tangu msiba ule Nui akawa anapandisha. Sauti inageuka, inakwaruza, inajiita mbweha, inawatukana wakwe zake. Kwa miaka mitatu mganga alikuwa akija kumpunga, mbweha anatoka, miezi kadhaa anarudi. Ndipo Shugo akaja na hotuba zake. Akaitwa kwa Fukuma, akamtazama Nui muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, akatangaza mbele ya kijiji kizima: hapa hakuna mbweha, mwanamke huyu ama anajifanya ama kichwa kimeharibika. Akapigiwa makofi. Mwaka uliofuata akapanda meli.

"Yupo," nikasema. "Wamemfungia ghalani."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipohutubia. Mwaka wa tano huu."

"Mbona hukuniandikia?"

"Ningekuandikia nini, kaka? Ulikuwa mbali, na mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote."

Hakula tena.

Kesho yake asubuhi tukaenda pamoja kwa Fukuma. Mzee Genpachi alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Ni mtu mkavu, maneno yake machache na kila moja lina makali. Hakusimama.

"Mwalimu, umerudi."

"Nimerudi, mzee. Nimekuja kwa ajili ya Nui."

"Enhe. Ulituambia mbweha hayupo, tukakuamini. Mbweha tungemfukuza kwa mganga, lakini ukasema hayupo. Basi aliyebaki ni mke wa mwanangu, ananitukana kwa makusudi ndani ya nyumba yangu. Nimfanyeje mtu wa namna hiyo? Nikamfungia. Polisi wamemwandikisha, kila kitu kiko sawasawa. Sasa umekuja kumtafuta mbweha?"

Kaka yangu, aliyevaa suti ya Kiingereza, akapiga magoti kwenye udongo wa ua ule, akainamisha paji la uso mpaka chini. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu yeyote isipokuwa kwenye kaburi la baba.

"Nilikosea," akasema. "Sisemi kwamba mbweha yupo. Nilikosea kusema ninajua, wakati sikumuuliza hata jina lake. Nipe siku kumi niulize."

Genpachi aliendelea kuchonga. Mkewe, mama Toku, alikuwa amesimama mlangoni kashika kikapu cha figili. Nilimtazama nikitumaini atatia neno. Akaingia ndani.

"Siku kumi," Genpachi akasema mwishowe. "Na dada yako awepo. Sitaki maneno ya watu."

Ghala lilikuwa na kuta nene za udongo mweupe, na nusu yake ya nyuma imezibwa kwa miti iliyopigiliwa msalaba. Nyuma ya miti hiyo mlikuwa na mkeka, blanketi, na Nui. Nilimkumbuka msichana mwenye mashavu ya duara aliyekuwa hodari wa kufuma kutushinda sote. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mfupa na nywele. Kilichoniuma zaidi ni weupe wake, weupe wa kitu kilichoota chini ya jiwe.

Shugo akaketi sakafuni, akatandaza karatasi za Heiji, akanipa kalamu ya pili. Akaniambia niandike ninachosikia, yeye aandike chake, kisha tulinganishe na kila mmoja atie saini, siku na saa. Ndivyo walivyofanya wale wa London ili mtu asijidanganye.

"Habari za asubuhi," akasema. "Mimi ni Katsube Shugo. Ninaongea na nani?"

Ile sauti ya kukwaruza ikatoka.

"Wewe si yule mwenye mdomo mpana? Na masharubu umeota."

"Ndiye mimi."

"Ulisema sipo."

"Nilisema."

"Sasa unaongea na nani, Bwana Masharubu? Unaongea na ukuta?"

"Bado sijui. Ndiyo maana naandika. Jina lako nani?"

Mbweha akacheka. Kicheko kile kilinisimamisha vinyweleo, lakini kaka aliendelea kuandika. Akauliza umri, mbweha akasema miaka mia tatu na mbili. Akauliza anatoka wapi, akasema kichaka cha mianzi nyuma ya hekalu la Inari, mungu anayetumikiwa na mbweha. Akauliza anapenda kula nini.

"Tofu ya kukaanga. Miaka mitano wananilisha uji, washenzi hawa."

Siku ya pili tulimletea tofu ya kukaanga, ile jibini ya soya. Akala yote, akalamba vidole, akasema chumvi ndogo. Nikaandika: chumvi ndogo, saa nne na robo.

Tuliendelea hivyo siku tano. Mbweha alijigamba kwamba anajua yaliyofichika, na kaka akayachukua majigambo hayo kwa uzito wake. Ndani ya sanduku langu la tatu mna nini juu kabisa? Mume wa dada yangu anafanya nini saa hizi? Kila jibu tuliliandika, jioni tukalihakiki. Siku ya tano Shugo akajumlisha.

"Umesema mambo arobaini na moja," akamwambia kwa upole. "Matatu umepata."

"Na hayo matatu," nikasema mimi, nimechoka na miguu imekufa ganzi, "moja ni kwamba Heiji analala mchana. Hilo hata kuku wangu wanalijua."

Nyuma ya miti kukatokea kicheko kidogo, na hakikuwa cha mbweha. Kilikuwa cha mwanamke. Shugo akaniangalia, mimi nikamwangalia, tukaogopa hata kuhema. Kisha sauti ndogo, yenye kutu ya kutotumika, ikauliza, "Ine, ni wewe?"

"Ni mimi, Nui."

"Umenenepa."

"Nimezaa mara mbili, mwenzangu. Wewe je, ungekuwaje?"

Nikafunika uso kwa mkono wa kimono. Kaka aliandika neno kwa neno, hata kunenepa kwangu. Karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Njiani kurudi alitembea haraka, akijisemea.

"Nilikuwa na majibu mawili tu, Ine. Ama mbweha, ama uongo. Hakuna mlango wa tatu. Sasa nauona. Mwenye kusema yuko ndani yake mwenyewe, huko chini ya kizingiti, lakini Nui wa chumba cha mbele hamjui. Hajifanyi. Kuna jambo halikuruhusiwa kupita mlango wa mbele, likatafuta mlango mwingine."

"Jambo gani?"

"Ningelijua nisingekuwa nauliza."

Siku ya saba akajaribu mbinu nyingine aliyoiona kule. Alimwomba Nui ashike brashi ya wino, mkono uwekwe juu ya karatasi, halafu auache na asiutazame. Wakati huohuo mimi nizungumze naye mambo yangu. Nilikuwa nimebeba uzi wa pamba uliojifunga, nikamwonyesha kupitia matundu ya miti nikimlalamikia. Nui akasogea. Akaanza kunielekeza, vuta ule wa kushoto, si huo, huo mwingine, wewe Ine tangu zamani mikono yako ya kukanyagia udongo. Tulikuwa tunacheka kabisa. Mkono wake wa kulia, chini huko, ukaanza kutembea.

Niliona brashi ikienda, ikirudi, ikienda. Nui hakuitazama hata mara moja. Karatasi ilipojaa Shugo akaivuta taratibu. Ilikuwa na neno moja, kwa herufi zile nyepesi za wanawake, limerudiwa kutoka juu hadi chini: mkono, mkono, mkono, mkono.

"Mkono wa nani?" kaka akauliza.

"Mkono gani?" Nui akasema. Alishangaa kweli.

Wakati huo mama Toku alikuwa ameingia na sinia la chai. Alikuwa akituletea chai kila siku na kuondoka bila neno. Safari hii aliona ile karatasi mkononi mwa kaka. Aliweka sinia chini vibaya, chai ikamwagika, na mkono wake wa kulia akauingiza ndani ya kimono upande wa kushoto, haraka, kama mtu aliyeungua. Kisha akatoka.

Shugo hakuona, alikuwa kainamia karatasi. Mimi niliona.

Nilimfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya shimo wanamofukia figili za majira ya baridi. Sikujua nianzeje, na mama Toku si mtu wa rika langu kwamba nimhoji. Nikachutama kando yake nikaanza kupangusa udongo kwenye figili. Tukapangusa figili nyingi.

"Kaka yako," akasema baadaye, "akiambiwa jambo huwa anacheka?"

"Zamani. Siku hizi hacheki."

"Anachoandika, wakikisoma huko Ulaya wanacheka?"

"Wale aliokwenda kwao, hapana, mama."

Akaendelea na figili. Kesho yake, siku ya nane, alikuja ghalani bila chai. Akaketi mbele ya Shugo, mgongo umenyooka, akasema anataka kuandikwa.

"Ilikuwa sikukuu ya Inari, mwezi wa pili, mwaka ule wa vita," akaanza. "Asubuhi, theluji imesimama. Nilikuwa pale shimoni natoa figili. Nikasikia nyuma yangu, 'Mama, kuna baridi.' Ryohei. Sauti ya mwanangu naijua, nimeisikia tangu ilipokuwa kilio. Nikageuka, hapakuwa na mtu. Nikasema ni upepo. Nilikuwa bado nimesimama vile vile Nui akaja mbio, miguu mitupu kwenye theluji. Akasema, 'Mama, Ryohei yuko mlangoni, ana theluji mabegani, ameweka mkono kwapani kama afanyavyo akiona baridi, nikimsemesha hajibu.'"

Akautazama mkono wake wa kulia. Shugo hakumharakisha.

"Nikampiga kofi. Kwa mkono huu. Nilidhani nikimpiga haitakuwa kweli."

Nyuma ya miti Nui alikuwa amesogea mpaka uso wake unagusa mti.

"Ulimwambia mtu mwingine, kabla ya habari kufika?" Shugo akauliza.

"Hakuna. Wiki saba baadaye ikaja telegramu ya jeshi. Msibani, mbele ya watu, Nui akanigeukia akasema, 'Mama, si nilikwambia?' Kila mtu akanitazama. Nikasema hajaniambia kitu chochote. Nilisema hivyo, mwalimu. Niliona nikikubali, nitakuwa mama aliyeitwa na mwanawe akiona baridi, akamwacha, akarudia figili zake. Basi shangazi mmoja akauliza, sasa yeye alijuaje, kama si mbweha aliyemwambia? Neno likashika. Siku ya tano Nui akapandisha. Na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka minane."

Aliinuka, akaenda kwenye miti. Ana magoti mabovu, lakini alipiga magoti.

"Uliniambia," akasema. "Uliniambia asubuhi ile, nami nilikuwa nimemsikia. Wewe si mwongo, mwanangu."

Nui hakulia mara moja. Alitoa mkono kupitia matundu akaugusa mkono wa kulia wa mama mkwe wake, akaushika. Kisha wakalia wote wawili, kilio kile cha msiba ambacho kilikuwa hakijalizwa. Nilitaka kutoka. Shugo alikuwa ameacha kuandika, na nilipomtazama nikaona masharubu yake yamelowa.

Genpachi akaambiwa jioni hiyo hiyo, na mkewe mwenyewe, sisi tukiwepo. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama moto.

"Kwa hiyo alikuwa Ryohei?" akamuuliza kaka.

"Sijui, mzee. Nitamwandikia mtu aliyekuwa naye."

"Umesoma miaka mitatu Uingereza kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo. Lilikuwa somo gumu."

Mzee akatoa pumzi puani, na kwake hiyo ni nusu ya kicheko. Kisha akachukua nyundo ya kung'olea misumari, akatoka. Tulimsikia ghalani akivunja miti ile. Alikataa kusaidiwa.

Nisiseme kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Nui hakuweza kutembea vizuri, na mwanga wa jua ulimtoa machozi wiki mbili. Mbweha alirudi mara mbili msimu ule wa baridi. Mara ya kwanza mama Toku alimkaribisha, akamuuliza anataka nini, akamkaangia tofu. Mara ya pili alikaa muda mfupi, sauti yake hafifu, akasema safari hii chumvi imekolea. Hakuja tena.

Shugo alimwandikia askari mmoja wa mji wa Hamada aliyekuwa kikosi kimoja na Ryohei. Jibu likaja mwaka mpya ulipoingia. Kaka alitusomea mbele ya Wafukuma wote. Ryohei alifariki tarehe sita. Sikukuu ya Inari mwaka ule iliangukia tarehe nne. Siku hiyo ya nne alikuwa hai, amelala hemani na jeraha la tumbo, hajitambui tena, na aliyekuwa akimuuguza alimsikia akilalamikia baridi.

"Kwa hiyo haikulingana," nikasema. Nilihuzunika.

"Haikulingana kama nilivyotaka. Wengine London wangesema imelingana, wengine wangesema hapana. Mimi naandika zote mbili."

Mama Toku aliomba arudiwe kusomewa pale penye baridi. Akasomewa. "Basi kulikuwa na mtu wa kumuuguza," akasema. Hilo ndilo alilobaki nalo, na naona lilimtosha kuliko tarehe.

Kaka yangu alirudi kufundisha. Mwaka uliofuata aliandika kitabu kidogo, karatasi akitoa Heiji, akaeleza kwamba wasomi wetu wamekosea kuwagawa watu wa vijijini mafungu mawili, wajinga na waongo. Aliandika kwamba kazi ya kwanza ya elimu ya akili ni kuuliza na kungoja jibu, na kwamba hata Wazungu wale, pamoja na vifaa vyao, walichomfundisha zaidi ni adabu. Profesa mmoja wa Tokyo aliandika gazetini kwamba Katsube alipelekwa Uingereza mzima akarudi amepagawa. Kaka alikata kipande hicho akakibandika ukutani. Lakini maofisa wawili wa wilaya walikisoma kitabu, wakaja kuuliza kuhusu watu wengine waliofungiwa majumbani. Walikuwa saba katika wilaya yetu. Shugo alikwenda kwa kila mmoja. Watatu walitoka mwaka ule. Wanne hawakutoka, na hakuficha hilo.

Mimi nilimuuliza siku moja kama anaamini wafu hutokea.

"Nikiwa nimeshiba, hapana," akasema. "Lakini sasa najua kwamba mtu ni mkubwa kuliko anavyoonekana, Ine. Hilo sina shaka nalo tena. Na likishakuingia, huwezi kumfungia mtu ghalani kwa raha."

Msimu wa kwanza baada ya Nui kutoka ghalani, mwezi wa tano, tulipanda mpunga. Kila nyumba hutoa wanawake, tunajipanga mstari mmoja ndani ya maji, anayeongoza anaimba, sisi tunaitikia tukirudi nyuma hatua kwa hatua. Nui alikuja. Baadhi ya wanawake walijibana kumpa nafasi kubwa kuliko inayohitajika, na niliona ameona. Akajipanga kando yangu. Mstari wa kwanza alipitwa na kila mtu. Wa pili alipitwa na wengi. Wa tatu akanipita mimi, na shangazi yule wa msibani, aliyekuwa upande wa pili, akamwambia asiende mbio hivyo, atatuaibisha watu wazima.

"Basi harakisheni," Nui akasema.

Wengine wakacheka, na lile pengo likazibwa.

Saa sita jua lilikuwa kali. Mama Toku akashuka tutani na kofia ya majani, akamwita, akamvisha, akamfunga kamba chini ya kidevu akimgombeza kwamba mashavu yameshababuka, kesho atachunika kama kitunguu. Nui alisimama matope yakimfika magotini, kidevu juu, akaacha afungwe.